Msaragambo wa Moyo

Kanuni ya kwanza ya mwokoaji haihusu damu wala pumzi. Inasema hivi: usiongeze majeruhi. Kabla hujamgusa aliyeanguka, tazama kwanza kilichomwangusha, maana huenda bado kipo palepale kinakungoja na wewe. Nimeifundisha kanuni hiyo kwa walimu, kwa madereva wa malori, hata kwa kwaya nzima ya kanisa la Vuchiza, mpaka nikawa naitamka usingizini. Siku niliyoivunja niliivunja mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Lakini tuanze na jogoo. Bila jogoo nisingekuwa mlimani asubuhi ile.

Mimi naitwa Ndeshi, Mchaga wa Machame. Nilipopangiwa kazi ya uokoaji huku Upareni, kwa watani zangu, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Wapare wana jambo lao linaloitwa msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kuzibua mfereji au kukarabati ndiva, lile bwawa la maji la kijiji. Kazi ya wote, mzigo wa wote. Asiyetokea anatozwa faini. Mimi kuna siku sikutokea, nilikuwa namzalisha mtu. Mbonea, mwanamke mpiga pembe wa Vuchiza, akasema uzazi wa mtu hauzibui mfereji, akanitoza jogoo. Nikakataa. Akanipeleka baraza la kata. Kesi ikasikilizwa, ikaahirishwa, ikarudi, ikaahirishwa tena, na katikati ya hayo yote mimi na Mbonea tukawa tunakula pamoja kila Jumapili. Ndiyo utani huo. Asiyeujua atadhani tunachukiana.

Kazi yake Mbonea ilikuwa fundi wa nyavu za ukungu. Juu ya kilele cha Vuchiza zimesimama nyavu za waya, ndefu kupita miti, na ndani yake unapita umeme unaouita ukungu. Ukungu unatoka msituni, unafika karibu na waya, halafu unaruka wenyewe kuufuata. Hapo unageuka matone, matone yanashuka kwenye mfereji, na mfereji unajaza ndiva. Nimekaa Vuchiza miaka, na bado kila nikiuona ukungu ule unaruka nasimama kidogo.

Asubuhi ile nilipanda kumpelekea wito wa baraza kwa mkono wangu mwenyewe, ili nimwone uso.

"Mtani!" akaita kutoka kwenye ngazi. "Umeniletea jogoo wangu?"

"Nimekuletea wito. Jumatatu, usichelewe."

"Haya. Mchaga kutoa jogoo ni kama kung'olewa jino."

"Na Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

Akacheka, akashuka ngazi, akanyoosha mkono kushika waya wa chini aliokuwa anaufunga. Mwenzake wa kazi, kijana aitwaye Senzota, alikuwa ameshazima upande ule wa nyavu. Ndivyo alivyoamini. Glavu ya Mbonea ilikuwa imechanika kidoleni na imelowa. Sikusikia kishindo chochote. Niliona tu kicheko kimekatika usoni mwake, na mkono umeng'ang'ania waya, hauachii.

Senzota akatupa koleo lake, akaruka kwenda kumvuta.

"Simama hapohapo!" nilimpigia ukelele ambao mpaka leo ananitania nao. "Usimguse!"

"Anakufa, dada!"

"Na wewe unataka kumfuata? Swichi kuu! Kimbia, zima yote!"

Akakimbia. Nikasimama pale nikimtazama mtani wangu anatetemeka kwenye waya, mikono yangu nimeifunga kifuani ili isije ikanisaliti. Hakuna jambo gumu katika kazi yetu kupita hilo la kusimama. Nyavu zikanyamaza. Mbonea akaanguka. Nikachukua jembe lenye mpini mkavu, nikausukuma waya mbali naye, ndipo nikapiga magoti.

Mabega, nikayapiga kwa viganja. "Mbonea! Mbonea, kesi yako imeitwa!"

Kimya. Na Mpare asipoamka kwa kesi, jamani, huyo kaenda mbali.

Nikainamisha kichwa chake nyuma, nikainua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, nikaweka shavu langu karibu na mdomo wake, macho yangu kwenye kifua. Hakuna pumzi. Kifua hakipandi. Nikaanza kubonyeza. Senzota akarudi anahema, nikamwonyesha: kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka.

"Bonyeza kwa nguvu, halafu uache kifua kirudi chenyewe."

"Nitamvunja mbavu."

"Mbavu zinaunga. Bonyeza."

Thelathini yeye, pumzi mbili mimi. Nikafungua mkoba wangu wa kazi, nikabandika vibandiko vya kushtulia moyo, na Sauti iliyomo ndani ya mkoba ikaanza kusema kwa ule utaratibu wake wa mtangazaji wa redio: "Simameni mbali na mgonjwa." Moyo ukashtuliwa. Ukakataa. Tukabonyeza, tukashtua tena. Ukakataa tena. Nikaita ndege ya wagonjwa, na Daktari Rukia akanijibu kutoka Same kwamba wako tayari, injini zinaunguruma, lakini kilele chote kimefungwa na ukungu.

"Ukiinuka tu tunakuja, Ndeshi. Inaweza kuwa saa moja. Inaweza kuwa mbili."

Nikamtazama Senzota. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Mikono ya binadamu inapeleka damu, na nimeona ikiokoa watu, lakini haifikishi hata nusu ya kile moyo wenyewe unachofikisha. Kwa saa mbili isingetosha.

"Nitampa kamba," nikasema.

*

Kamba ya mapigo ukiiona utaidharau. Ina unene wa kamba ya kiatu, rangi yake kijivu, na kila ncha ina kibandiko laini kinachojishikiza chenyewe kwenye ngozi. Ncha moja kwa mgonjwa, nyingine kwa mtoa mapigo. Waliobuni walijiuliza swali ambalo hata mtoto angeweza kuuliza: moyo uliosahau kazi yake, kwa nini usifundishwe na moyo unaoikumbuka? Kamba inabeba agizo la kila pigo kutoka kifua hiki kwenda kile, na moyo uliosimama unafuata. Lakini moyo wa mgonjwa nao unavuta. Wa kwako unafanya kazi ya watu wawili, unachoka, na ukichoka sana unaweza kuzama na wa mwenzako. Ndiyo maana mkoba unapima mzigo, na mzigo ukifika ukomo, mkoba unakata wenyewe. Haukuulizi.

Na kuna sharti moja lililoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kifuniko: mtoa mapigo asiguswe. Kule maabara, mtu mmoja aliyeona mwenzake anazidiwa alimshika mkono, na moyo wake ukavutwa kwenye kamba. Mioyo miwili ikagombana, kila mmoja ukataka kuongoza. Wakaanguka wote wawili. Waliokolewa, lakini toka hapo tunafundishwa kukaa peke yetu.

Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa, nikafungua vifungo, nikabandika.

Mwanzoni huwa unadhani hakuna kilichotokea. Halafu pigo lako linakwenda, na badala ya kurudi linaendelea kwenda mbele, kama mtu aliyepiga hodi nyumba isiyo na watu. Nikasubiri. Pigo. Pigo. Ee Mungu wangu. Kule mwisho wa kamba, katika kifua kilichokuwa baridi, kitu kikajibu.

Senzota alitoa mikono yake kifuani pa Mbonea, akabaki ameishikilia hewani. "Dada Ndeshi," akanong'ona, "midomo yake inarudi rangi."

"Naiona."

"Ni wewe huyo?"

"Ni yeye. Mimi namkumbusha tu."

Nimetoa mapigo mara kadhaa katika maisha yangu ya kazi, na sijazoea. Unasikia vyumba vya moyo wa mwenzako vikijaa na kumwagika. Nikamsikia Mbonea mzima, ule ukaidi wake, moyo mkubwa wa mtu anayepanda mlima kila siku. Nikalia bila kujali Senzota ananitazama.

"Mzigo wa mtoa mapigo umefika nusu," Sauti ikasema.

Haraka hivyo? Moyo wa mtani wangu ulikuwa unavuta kuliko wowote niliowahi kuubeba. Umeme ulikuwa umeuchosha, ukanilalia wote. Macho yangu yakaanza kuona vidoa. Nikatazama angani: ukungu, mweupe, mzito, haujatikisika. Nyavu nazo zimezimwa, hakuna cha kuunywa.

"Mzigo umefika robo tatu. Ukifika ukomo nitatenganisha."

"Senzota," nikasema, "ikikata, rudi kwenye kifua. Usisubiri nikwambie."

*

Mama yake Mbonea alikuwa anapalilia maharage yake ukingoni mwa msitu. Jina lake Nakiete, lakini wote tunamwita Mama Mbonea. Alikuwa amesikia ukelele wangu. Alitokea kwenye ukungu, kanga kiunoni, mikono ina udongo mbichi, akamwona binti yake chini. Hakupiga yowe. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ambako Mbonea hutundika pembe ya msaragambo, akaitwaa, akaipuliza kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Mlio ukashuka bondeni, ukagonga upande wa pili, ukarudi.

Halafu akaja kukaa kando yangu, akanishika mkono.

"Mama, usinishike!"

Nilikuwa nimechelewa. Mtu wa Machame angeuliza kwanza kamba hii ni ya nini. Mtu wa mjini angesoma ile rangi nyekundu. Lakini huku, ukimkuta mtu chini ya mzigo hujadili, unaweka bega. Ni kosa ambalo watu hawa tu wangelifanya, na alilifanya kama anavyokoroga uji.

Nilijikaza nikisubiri mioyo igombane. Haikugombana. Mama Mbonea alikuwa anaimba. Aliimba puani, wimbo ule wa kulimia, ambao wao wanauimba kila penye jembe bila kujijua: weka bega, weka bega, jiwe halina mwenyewe. Pumzi yake ilikuwa inafuata wimbo, na moyo wake unafuata pumzi, na mimi, ambaye nimeusikia wimbo huo kwenye kila mfereji wa Vuchiza, pumzi yangu ikaufuata pia kabla sijaamua. Moyo wa tatu ukaingia kwenye kamba taratibu, ukakaa.

"Mzigo umeshuka chini ya nusu," ikasema Sauti. Ikanyamaza kidogo, jambo ambalo sijawahi kulisikia ikifanya. "Mapigo yanalingana."

Maabara walikuwa na mtu mwenye hofu. Hawakuwa na wimbo.

Ningefurahi, lakini nilikuwa naujua moyo ule wa tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nampima kila mwezi zahanati. Moyo wa Mama Mbonea ulikuwa unachechemea: unakwenda vizuri, halafu unajikwaa, unakaa kimya muda wa kukufanya ushike meza, halafu unarudi. Daktari alishamwambia asibebe hata ndoo. Sasa alikuwa amebeba nusu ya moyo wa binti yake, na nilisikia kule kujikwaa kwake kukipita mkononi mwangu, kukipita kifuani kwangu, kwenda kwa Mbonea.

Nikawa na neno moja tu mdomoni: kata. Ningelisema, mkoba ungemtenga mama palepale, naye angekuwa salama. Baada ya hapo mzigo wote ungenirudia, ukomo ungefika, na Mbonea angekufa mbele ya mama yake. Nikilimeza neno, huenda nikawaua wote wawili. Usiongeze majeruhi. Kanuni haikusema chochote juu ya majeruhi anayejileta mwenyewe na pembe mkononi.

"Mama, moyo wako unaujua. Niachie mkono."

"Nilimbeba huyu tumboni, hakuna aliyeniuliza moyo wangu ukoje."

"Unaweza kufa, mama. Sikutanii."

"Na wewe?"

Na hapo wakaanza kutokea. Kutoka kwenye njia zote za mlima, watu na majembe yao, wengine na sururu, wakihema, wakiuliza mfereji umebomoka wapi. Senzota akawaeleza kwa maneno mawili. Wakanizunguka. Wapare wale wabishi, watu wa kesi, hakuna aliyebisha.

"Sikilizeni," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba. "Mnaona nilivyounganishwa. Mama amenishika, na moyo wake umeingia. Mkishikana mikono, na yenu itaingia. Mzigo unaweza kugawanyika. Unaweza pia kutuangusha wote. Sheria inakataza. Mimi sijui kitakachotokea, na atakayewaambia anajua ni mwongo. Asiyetaka arudi nyumbani, na hakuna faini."

Bwana mmoja mwenye jembe begani akakohoa. "Mwokoaji, pembe imelia, tumekuja. Tushike wapi?"

"Wenye mimba nyuma. Watoto nyuma. Mwenye ugonjwa wa moyo asiguse."

Macho yote yakamgeukia Mama Mbonea.

"Mimi sisikii vizuri," akasema, akaendelea kuimba.

Basi nikaliamua. Sikukata. Nikawaambia wavue glavu, wafute mikono, wapokee wimbo kwanza, na asishike mtu mpaka pumzi yake imeingia kwenye wimbo. Senzota akawa wa kwanza, akashika mkono wa Mama Mbonea uliobaki. Halafu mwenye jembe. Halafu mke wa mchungaji, na mwalimu wa sayansi, na yule mlevi wa kilabuni ambaye siku hiyo alikuwa mzima. Mnyororo ukapanda mpaka mguuni mwa nyavu, ukapinda, ukarudi.

Sasa naomba mnivumilie, maana nitasema kitu ambacho nimeshindwa kukisema vizuri mbele ya wataalamu.

Kila mkono uliposhika, mlango ulifunguka. Nilisikia mioyo ikiingia mmoja mmoja, na hakuna uliofanana na mwenzake. Upo uliokuwa mwepesi, unakimbiakimbia. Upo uliobeba msiba wa karibuni, mzito, nikajua ni wa nani bila kugeuka. Mwanzoni ilikuwa makelele ya sokoni. Halafu wimbo ukazunguka mara ya pili, mara ya tatu, na makelele yakaanza kujipanga. Na kuna wakati, sikuuona ulipoingia, yote ikapiga pigo moja. Moja! Mlima mzima. Niliusikia ardhini chini ya mapaja yangu. Matone yaliyobaki kwenye nyavu yakaanguka kwa pamoja. Watu wakafumbua macho wakatazamana, na hakuna aliyeacha kuimba, lakini machozi yalikuwa yanawatoka, watu wazima na ndevu zao. Nilikuwa mdogo sana, na sikuogopa. Niliwaza: kumbe hiki ndicho kilichokuwa humu ndani yetu siku zote, na sisi tunakwenda barazani kugombana kwa jogoo.

"Mzigo wa mtoa mapigo," ikasema Sauti, "hausomeki. Ni mdogo mno."

Na kule kujikwaa kwa Mama Mbonea? Nilikuwa nakusikiliza, nakuvizia. Kulikuja. Moyo wake ukateleza, na mioyo yote ile ikaudaka, kama watu wanavyomdaka bibi kizee penye utelezi kabla hajagusa chini. Kulikuja tena, kukiwa kudogo zaidi. Halafu kudogo zaidi. Halafu sikukusikia.

Ukungu uliinuka jua likiwa limekwishavuka utosi. Kabla sijaisikia ndege, nilisikia kitu kingine: kule mwisho wa kamba, pigo moja ambalo halikuwa langu, wala la mama, wala la mtu yeyote kwenye mnyororo. Lilikuja mbele ya wimbo, kwa haraka, kwa ubishi.

"Mgonjwa anapiga mwenyewe," ikasema Sauti.

Nani asingemjua huyo?

Daktari Rukia alishuka na machela, akauona ule mnyororo wa watu walioshikana, akasahau kuteremsha mguu wa pili. "Ndeshi," akasema, "umefanya nini?"

"Fungua kuanzia mwisho. Mmoja mmoja. Taratibu."

Wakaachia mmoja mmoja, wakakaa kwenye nyasi, wengine wanacheka, wengine wanajishika vifua wakiwa wapweke ghafla. Mama Mbonea aliachia wa mwisho. Nikamshika kifundo cha mkono papo hapo, nikiomba. Nikahesabu, nikahesabu tena. Moyo wake ulikuwa unatembea sawasawa kama wa msichana. Haukujikwaa hata mara moja.

Nilipokuwa bado nashangaa, nikashika kifundo changu mwenyewe. Pigo, pigo, pigo, pigo. Halafu kimya kidogo sana, cha kufumba na kufumbua. Halafu pigo.

Nikamwita Senzota. Nikampima. Na yeye.

*

Kamati iliyotumwa kuchunguza nilichofanya ilikuja kukaa Vuchiza baada ya mvua za vuli, kwenye jengo lilelile la baraza la kata. Watu watatu, na mwenyekiti wao bwana mpole mwenye miwani, aliyekuwa amesoma kila kilichorekodiwa na mkoba. Sikumchukia. Alikuwa anaitetea kanuni niliyoifundisha mwenyewe.

Tulikuwa tumeshapimwa wote hospitalini. Mashine zao zilisema kila aliyekuwa kwenye mnyororo ana kasoro ndogo ambayo hakuwa nayo, ya kujikwaa mara mojamoja, isiyomzuia mtu kulima wala kuzeeka. Hivyo ndivyo wanavyodhani. Hawana uhakika, nami sina. Mke wa Senzota haniitikii salamu mpaka leo. Yeye hakuwapo mlimani, hakuulizwa, na anaishi na moyo wa mume ambao yeye hakuuazimisha. Ana haki yake, na kila nikipita mlangoni kwake namsalimia hivyohivyo.

Mbonea alikaa mstari wa mbele, kovu la waya bado bichi kidoleni. Alikuwa amekwishanieleza msimamo wake: kwa msaragambo wa moyo nimehudhuria, amenipigia tiki, jogoo wa zamani yuko palepale.

"Bi Ndeshi," mwenyekiti akasema, "ulijua sharti la kutoguswa?"

"Nililijua."

"Na ulijua kwamba mama wa mgonjwa ana ugonjwa wa moyo?"

"Niliujua kuliko mtu yeyote."

"Ulikuwa na uwezo wa kumtenga kwa neno moja."

"Nilikuwa nao."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Basi naomba jibu lililo wazi, kwa sababu kuna waokoaji wengi wanasubiri tuwaambie kama wafanye hivi au wasifanye. Siku ile, kwa uamuzi wako, ni watu wangapi walidhurika?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Na hapo ikaja.

Huwa inakuja tukiwa pamoja. Mmoja peke yake nyumbani anajikwaa peke yake, lakini tukikutana, kanisani au kwenye mfereji, haichukui muda mioyo inasalimiana, na kujikwaa kunakuja kwa wote mara moja. Ndani ya jengo lile, wote waliokuwa kwenye mnyororo walivuta pumzi kwa pamoja, mikono ikaenda vifuani, kimya kikapita. Halafu wote tukaishusha pumzi. Nje mtoto alikuwa anaita mbuzi wake. Mbonea alikuwa ameweka mkono wake palepale tulipokuwa tumeweka yetu.

Mwenyekiti alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Hicho ni nini?"

"Hao ndio majeruhi wako, mheshimiwa," nikasema. "Wote. Kidogo kidogo."

Akatutazama, mstari kwa mstari, muda mrefu. Alipoketi tena aliketi taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta watu wanasali.

"Na mwenye ugonjwa wenyewe?" akauliza. "Yule mama. Leo yuko wapi?"

Senzota ndiye aliyemjibu kutoka nyuma.

"Pembe ililia asubuhi, mheshimiwa. Yuko ndivani, anabeba mawe."